Paa la Bati Si Mshahara

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kaloleni kwa shangazi yangu, siku ambayo mhudumu wa afya ya jamii alipita kumsajili kwenye SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Waliketi chini ya mwembe. Shangazi hakuiacha kazi yake; alikuwa akishona makuti, ufito umelazwa mapajani, majani akiyakunja na kuyapitisha kamba moja baada ya jingine, na majibu akiyatoa bila kuinua kichwa. Jina, nambari ya kitambulisho, watoto. Kisha binti yule akauliza, kwa adabu zote, "Na nyumba yako, mama, imeezekwa kwa nini?" Vidole vya shangazi vikasimama. Akaigeukia nyumba, akaitazama kitambo, halafu akaniinamia na kuninong'oneza, "Mwanangu, nikisema bati nitakuwa nimejiponza?"

Nimerudi mjini na swali hilo limekataa kunitoka. Bati lile liliwekwa mwaka 2014, mwanawe alipokuwa na kazi ya ulinzi Mombasa na mshahara ukiingia kila mwisho wa mwezi. Kazi ilikwisha zamani, kijana amerudi nyumbani, na kutu imeshaanza kulila bati kwenye misumari. Kipato cha nyumba ile leo ni makuti, shilingi 10 kwa kuti moja, na wiki nyingine hapiti mnunuzi hata mmoja. Ukilitazama paa unaona mwaka 2014. Ukitaka kuiona nyumba ya leo, huna budi kuingia ndani ukafunue sufuria.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo na tathmini ya uwezo, utaratibu wa kumkadiria mchango asiye na mshahara, tuliouanza tarehe 1 Oktoba 2024, pale NHIF, bima ya zamani iliyokuwa nasi tangu 1966, ilipoiachia nafasi SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Anapimwa kwa fedha alizozipata mwezi huo, na akiachishwa kazi leo, mwezi ujao hakuna mshahara wa kukatwa. Hakuna anayemwendea nyumbani kumuuliza sakafu yake ni ya saruji au ya udongo. Lakini mama wa makuti, mchuuzi wa samaki, kijana wa boda boda na kibarua wa shamba, kwa kuwa hawana karatasi ya mshahara, wanaulizwa paa, ukuta, sakafu, choo, maji wanayachota wapi, wanapikia nini na wanawashia taa gani, kisha kutokana na majibu hayo hukisiwa kipato ambacho huenda hawajapata kukishika mkononi. Mwenzao mwenye ajira anahesabiwa alichopata, wao wanahesabiwa walichowahi kuwa nacho. Nyumba ya maskini hujengwa kwa miaka, kwa zamu ya chama cha kuchangiana, kwa mahari ya binti, kwa mwana aliyebahatika kupata kazi mwaka mmoja; haiwezi kuuzwa bati moja moja kila mwezi ili kulipia bima.

Nakubali kwamba kiwango cha chini kabisa, shilingi 300 kwa mwezi, ni nafuu kuliko zile 500 walizotozwa wasio na ajira rasmi wakati wa NHIF. Nakubali pia kwamba matibabu ya zahanati na vituo vya afya yametengewa mfuko wake bila mtu kudaiwa mchango, na hilo ni jema. Hata hivyo, tuipige hesabu hiyo ya 300 mpaka mwisho. Ili 300 iwe asilimia 2.75 ya kipato, lazima mtu awe anapata karibu shilingi 10,900 kwa mwezi. Anayepata 5,000 na kulipa 300 anatoa asilimia 6, zaidi ya mara mbili ya sehemu anayoitoa mwenye mshahara mnono. Na hicho ndicho kiwango cha chini. Mwenye bati na sakafu ya saruji anaweza kukadiriwa juu zaidi.

Isitoshe, asiye na mshahara anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa uchache, kwa mtu ambaye chakula cha kesho hukitafuta kesho. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioletwa mwaka 2025 unapunguza makali, lakini msingi wake ni mkopo, na kumkopesha maskini ili aruhusiwe kuugua si jambo la kujivunia.

Mnamo Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuwalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini wasiojiweza hao watambuliwe vipi? Tukiwatafuta kwa kuhesabu mabati, tutawaacha wajane wengi waliorithi nyumba nzuri na njaa ndani yake. Kijijini watu wanajuana. Mzee wa mtaa anajua nani alikopa unga wiki hii, na mhudumu wa afya anajua nani aliacha dawa za presha kwa kukosa nauli. Majina yasomwe barazani mbele ya watu, anayeona ameonewa aruhusiwe kukata rufaa papo hapo bila kufunga safari ya kwenda mjini, na swali la kwanza liwe ni fedha zilizoingia katika miezi mitatu iliyopita. Najua upendeleo utajaribu kupenya. Ndiyo maana nasema barazani, wala si ofisini kwa mtu mmoja.

Shangazi alisema bati. Alisema na sakafu ya saruji, na taa ya sola ndogo aliyoinunua kwa awamu, yote kama yalivyo. Binti alipomaliza kuandika na kuaga, shangazi aliushika tena ufito wake, akakunja jani, akaniambia, "Mbona hakuniuliza makuti? Ningemhesabia." Siku ile yalikuwapo 46, yamepangwa ukutani, na mnunuzi alikuwa hajapita tangu Jumanne ya wiki iliyotangulia.