Jina la kisubi: kufika spishi au kuishia jenasi?

Visubi wasiouma, yaani wadudu wa familia ya Chironomidae, hudhaniwa kuwa mbu na wengi wanaowaona wakirukaruka kwa makundi juu ya maji jioni. Hata hivyo hawana mrija mrefu wa kunyonyea damu wala magamba kwenye mbawa, na wakitua huinua miguu ya mbele, ilhali mbu huinua ya nyuma. Kuwatenga na mbu, basi, si kazi. Kazi ni kuwatenga wao kwa wao, kwa sababu spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 6,000, zimeenea katika kila bara hadi Antaktika anakoishi Belgica antarctica asiyeweza kuruka, na lava zao, yaani watoto wao waishio majini, hujaa katika karibu kila sampuli inayochotwa chini ya mto au ziwa. Ndiyo maana wanaopima ubora wa maji wamebishana kwa miaka mingi: je, ni lazima lava hao watambuliwe hadi spishi, au inatosha kuishia jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, au hata familia?

Wanaotaka kuishia juu, kwenye jenasi au familia, wana hoja nzito, na mtu aliyewahi kukaa mbele ya hadubini hawezi kuipuuza. Lava hukatwa kichwa, kichwa huchemshwa katika potashi mpaka nyama iyeyuke, kisha hulazwa kwenye kioo upande wa chini ukitazama juu, na kufunikwa kwa kioo chembamba kinachokandamizwa kidogo ili bamba lenye meno lililo chini ya mdomo lionekane wazi. Meno hayo ndiyo yanayohesabiwa: la katikati ni moja au ni mawili, la pembeni ni fupi au refu kuliko jirani yake. Sasa lava aliyekwangua mchanga kwa wiki kadhaa huwa na meno yaliyolika, na jino lenye ncha tatu hubaki kisiki kimoja butu. Isitoshe, spishi nyingi zilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na dume aliyekomaa, hasa umbo la viungo vyake vya uzazi, hivyo lava aliye mezani anaweza kuwa wa spishi yenye jina ambalo bado halijawahi kuunganishwa na lava yeyote. Anayeandika spishi hapo anabahatisha, na mimi naona jenasi iliyoandikwa kwa uhakika ina faida kuliko spishi iliyokisiwa.

Lakini gharama ya kuishia juu nayo ni kubwa. Mfumo wa BMWP uliobuniwa Uingereza kwa ajili ya kupima mito huzipa familia za wanyama wadogo wa majini alama kuanzia 1 hadi 10, kadiri zinavyoshindwa kuvumilia uchafu, na familia hii yote ilipewa 2. Alama hiyo inamfaa Chironomus riparius, ambaye lava wake mwekundu ana himoglobini na hustawi kwenye tope la maji taka lenye oksijeni kidogo. Haiwafai hata kidogo wale wa jenasi ya Diamesa, wanaoishi katika vijito baridi, vingine vikitiririka moja kwa moja kutoka kwenye barafu. Kuwaweka wote katika fungu moja ni kutupa habari ambayo sampuli yenyewe ilikuwa nayo.

Huyo riparius ana mkasa mwingine. Kwa muda mrefu maandishi mengi yalimwita Chironomus thummi, na anafanana mno na ndugu yake, Chironomus piger, kiasi kwamba waliotaka kuwatofautisha kwa uhakika walilazimika kuchunguza kromosomu kubwa za tezi za mate za lava, zile ambazo mtafiti Balbiani aliziona mwaka 1881. Riparius hufugwa maabara ili kupima sumu kwenye mashapo. Katika kazi ya namna hiyo, kukosea jina si suala la wapenzi wa Kilatini peke yao, kwani matokeo ya spishi moja yataandikwa kwa jina la nyingine.

Mwaka 2003 mwanabiolojia Paul Hebert na wenzake walipendekeza msimbopau wa DNA, yaani kipande kifupi cha jeni ya mitokondria kitumike kumtambulisha mnyama. Kwa visubi hawa faida yake ni dhahiri: lava, pupa (hatua kati ya lava na mdudu aliyekomaa), jike na dume husomeka kuwa spishi moja. Tatizo ni kwamba msimbo hauzai jina. Hulinganishwa na maktaba ya misimbo, na kila jina katika maktaba hiyo liliwekwa na mtu aliyetazama kielelezo. Akikosea yeye, kosa hunakiliwa na kila atakayelinganisha. Tena hakuna kiwango kimoja cha tofauti ya misimbo kinachoweza kutenga spishi katika jenasi zote.

Njia inayosahaulika katika mabishano haya ni ya zamani. Kisubi anapotoka majini huacha ganda la pupa, na maganda hayo huelea yakakusanyika kwenye povu na nyuma ya magogo, ambako huchotwa kwa chujio. Mtafiti August Thienemann aliyatumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa jenasi nyingi miiba na nywele zake hutenga spishi vizuri kuliko meno ya lava.

Nikilazimika kuchagua upande, ningeangalia kwanza kama kielelezo kimehifadhiwa. Siku hizi mdudu mzima anaweza kulowekwa katika kimeng'enya kinachomeng'enya nyama na kuachia DNA, bila kumsaga. Kinachobaki ni ngozi safi iliyo angavu, kama iliyopitishwa kwenye potashi, tayari kuwekwa kwenye kioo pamoja na namba ya msimbo wake, ili mtu mwingine aweze kuhesabu meno upya akilitilia jina shaka.