Kenge na nyuki wadogo: tunayemchukia na tunayemmaliza

Ukisikia watoto wanapiga kelele na kurusha mawe mferejini huku kwenye mpunga, Moshi chini, mara nyingi ni kenge. Anaweza kufika mita 2, mkia wake ni fimbo tosha, na kesi yake inajulikana: mayai. Hapo simtetei. Kwetu alimkuta kuku anaatamia, akameza yote, hakubakiza hata ganda.

Ila huyohuyo anakula panya, nyoka na mizoga. Tunasema msafara wa mamba na kenge wamo, utadhani ni marafiki. Kumbe kenge hufukua mayai ya mamba akayala.

Nyuki wadogo wasiouma hawana kesi. Wengine hawafikii punje ya mchele. Kwetu wanaishi ndani ya ukuta wa jiko la udongo, wanaingia na kutoka kwa kimrija cha nta. Ukiwachokoza watakuvamia nywele na masikio, basi. Asali yao haikai kwenye masega, inakaa kwenye vijungu vidogo vya nta na utomvu. Nyepesi, ina uchachu, na mtoto akikohoa ndiyo inayotafutwa. Ni kidogo, kwa hiyo ni ghali. Ongeza maua wanayochavusha: kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakipita mbuni huzaa zaidi.

Kwa hesabu hiyo nyuki kashinda. Sasa tazama nani anaumia.

Kenge akirushiwa jiwe anazama majini, kaondoka. Jike hufukua kichuguu na kutaga, pengine mayai 60, kisha mchwa wenyewe wanaziba tundu. Biashara ya ngozi inamwandama, ndiyo maana yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, lakini kwa mawe yetu hamaliziki leo wala kesho.

Malkia wa nyuki wadogo, akishaanza kutaga, hawezi tena kuruka. Nyuki wakubwa wakibughudhiwa huhama na malkia wao; hawa hawawezi. Mtu akipasua gogo kwa shoka apate kikombe cha asali, kundi zima limekwisha. Na anayepasua si adui yao, ni mpenda asali, kama mimi.

Mayai yanalindika: banda lina wavu sasa, kenge anapita mbali. Fundi aliyekuja kupiga plasta jikoni nimemwonyesha kile kimrija, nikamwambia hapo asiguse. Kanicheka, lakini kapaacha.