"Buibui tu" inanikera

Kuna buibui anaitwa Dysdera crocata, asili yake Ulaya, na huyu kashafika mpaka Saint Helena, kile kisiwa cha volkano katikati ya Atlantiki, karibu kilomita 1,900 kutoka pwani ya Afrika. Watu wa Zanzibar na Mombasa jina hilo wanalijua, ndiko Waingereza walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyenyakua usultani wa Zanzibar 1896, mwaka 1917, kwa sababu ukitupwa kule hutoki. Sasa buibui kafikaje? Kabebwa na watu.

Kuna siku nilimsaidia shemeji yangu kupakua kontena la vigae, tukainua paleti moja ya mbao, kwenye ufa tukakuta buibui kajishonea kijumba cha uzi mweupe, katulia zake mle ndani, na lile kontena lilikaa baharini wiki kadhaa. Sikujua ni wa aina gani ila toka siku ile sijaweza kusema "ni buibui tu".

Maana huyu Dysdera hatandi utando kama wa kwenye kona za dari, mchana analala chini ya mawe na magogo, usiku anatoka kuwinda kwa miguu. Kichwani mwekundu kama tofali, tumbo jeupe-jeupe, macho sita wakati buibui wengi wana manane, na meno marefu kweli kweli yamemtoka kwa mbele. Anachopenda ni vile vidudu vya kijivu vya miguu 14 unavyovikuta ukiinua chungu cha maua penye unyevu, meno yale yanapenya magamba bila shida. Na Saint Helena wana kidudu chao wenyewe cha ukoo huohuo, cha manjano, kina miiba mwili mzima, kinaishi kwenye kangaga za vileleni kwenye ukungu, duniani kote kipo pale tu! Sisemi buibui huyu ndo anakimaliza, nasema kisiwa chenye aina zaidi ya 400 za wadudu na jamaa zao ambazo hazipo kwingine kokote hakina nafasi ya kubahatisha.

Tena walishaumia. Walikuwa na mdudu mwenye koleo mkiani, urefu sentimita 8 na ushee, mkubwa kuliko wenzake wote duniani. Mara ya mwisho kuonekana hai ni 1967, mwaka 2014 akatangazwa katoweka. Wanaolaumiwa ni panya na tandu, wote wageni walioletwa, halafu na watu nao walibeba mawe aliyokuwa anajificha chini yake wakaenda kujengea. Hakuna siku moja mtu alisema leo tumempoteza, yaani alipungua polepole huku watu wanaendelea na shughuli zao.

Zamani kufika kule ilikuwa meli tu, siku tano kutoka Cape Town, toka Oktoba 2017 kuna ndege ya abiria. Mi siwalaumu wakazi, nao wanataka kusafiri na kupata bidhaa kama sisi. Ila ukaguzi ufanyike huku mzigo unakotoka, kabla haujapakiwa, paleti zigeuzwe chini juu, miche itolewe udongo, viatu vya wapanda milima vipigwe brashi mpaka kwenye soli, kwa sababu buibui akishashuka bandarini akaingia chini ya jiwe la kwanza nani atamtafuta usiku na tochi kisiwa kizima?