Mapanga yamemmeza mzee Bao

Juzi jamaa mmoja katupia picha kwenye kundi letu la tuliosoma Hefei, Uchina. Kachuchumaa ndani ya Bao Gong Ci, hekalu la kumkumbuka Bao Zheng, afisa na hakimu wa Uchina ya kale anayesifika kwa haki, shingo kailaza karibu na panga la kukatia vichwa lenye kichwa cha mbwa, meno yote nje. Watu wakamshangilia Bao: "Huyo ndiye kiongozi sasa, anakata tu!" Nikaweka simu pembeni, nikabandika chai.

Hivi Bao Zheng katukosea nini? Kafa mwaka 1062, mpaka leo tunamwona mchinjaji. Yale mapanga matatu, la joka kwa watu wa ukoo wa mfalme, la chui milia kwa maafisa, la mbwa kwa akina sisi, yametoka kwenye opera na hadithi. Hata ule uso mweusi wenye hilali kwenye paji ni rangi ya jukwaani. Haya, nakubali: bila mapanga, wageni wengi wasingesumbuka kufika. (Na jengo lenyewe lilijengwa upya mwaka 1882 kwa msaada wa Li Hongzhang, kigogo wa serikali ya wakati huo, ambaye kwa utajiri wake hakuna aliyewahi kumfananisha na Bao. Tuyaache.)

Mtu mwenyewe ndiye huyu. Miaka ya 1040 alikuwa liwali wa Duanzhou, kusini, kunakotoka mawe ya kusagia wino yanayosifika Uchina nzima. Sehemu ya mawe hayo ilikuwa kodi ya mfalme. Waliomtangulia walidai mara nyingi zaidi ya kiwango, ya ziada wakawapelekea wakubwa. Yeye akaamuru yachongwe ya mfalme tu. Muda wake ulipoisha, akaondoka bila jiwe hata moja. Hata la mezani kwake, jamani!

Halafu akawa liwali wa Kaifeng, mji mkuu wa enzi hizo. Mwenye shtaka alikuwa hafiki mbele ya liwali. Karatasi yake ilipokelewa na makarani langoni, na kila mkono ulioipokea ulikuwa na njaa. Bao akafungua lango kuu, watu wakaingia wenyewe wakasema shida zao. Hakuna kichwa kilichodondoka. Lango tu! Aliyewahi kuambiwa dirishani "faili lako halionekani, hebu ongea vizuri" anajua lango hilo lina thamani gani. Mimi nilienda mara nne. Mara ya tano niliongea vizuri, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Wanawe aliwaachia wosia: wa ukoo wetu akila rushwa kazini, asirudi nyumbani, akifa, asizikwe na wenzake.

Kaifeng kuna jiwe lenye majina ya maliwali wa enzi hizo, zaidi ya 180. La Bao halisomeki. Watu wamelitafuta kwa kidole karne kwa karne, wakalisugua mpaka pakabaki kishimo.

Nikamtumia jamaa picha ya kishimo hicho. Kajibu, "Mbona hapo hamna kitu?"