Mchungaji au mwanasaikolojia? Mi naona shida iko kwenye siri

Kuna dada nilikuwa nasali nae, alifiwa na mtoto mchanga, miezi ikapita usingizi hapati halafu chakula hakipiti, akaenda kwa mchungaji akaombewa na akaambiwa afunge siku 3. Sawa. Jumapili iliyofuata mchungaji kashika maiki, "kuna mama hapa roho ya huzuni imemkalia". Jina hakutaja ila kanisa zima tuligeuza shingo. Hakurudi tena, na kwa mshauri mwingine yeyote hakwenda.

Naanza na hili kwa sababu huu ubishi wa maombi na saikolojia kila siku tunaugeuza kuwa wa nani ana imani na nani hana.

Wanaoipinga saikolojia sio wajinga jamani. Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa mazungumzo, mwaka 1927 aliandika kabisa kwamba dini ni njozi ya binadamu anayetafuta baba wa kumlinda, sa mlokole akisikia hivyo ataipelekaje roho yake huko? Na 1970 mchungaji wa Marekani Jay Adams akaja na kitabu akisema kazi ya kushauri ni ya kanisa na Biblia inatosha, shida nyingi zisizo za mwili akazirudisha kwenye dhambi. Hoja zake hadi leo unazisikia kwenye semina, hata kama anayehubiri hamjui. Alafu tuseme ukweli, mchungaji hatozi hela, saa nane usiku anapokea simu, ukifiwa anakuja na akina mama wenye sufuria. Mshauri binafsi unalipia kikao na muda ukiisha umeisha.

Lakini huyo huyo Freud rafiki yake wa miaka mingi alikuwa Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich, aliyekuwa anatumia mbinu za Freud kusaidia waumini na imani hakuiacha. Na hapa kwetu Tanzania, Lutindi kule milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza na kituo cha watoto waliookolewa utumwani, baadae kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni ya Walutheri. Kwahiyo anayesema hospitali ya akili sio mambo ya kanisa, kanisa lenyewe lilishamjibu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata Eliya, nabii aliyeshusha moto, alikaa chini ya mti wa mretemu akasema "imetosha", akaomba afe. Malaika hakumkemea roho chafu wala hakumuuliza imani yako iko wapi, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Ndo maana mtu akiambiwa atupe dawa ili aoneshe imani mi simung'unyi maneno, hiyo ni hatari.

Sasa tofauti kubwa naiona hapa: mshauri aliyesomea anafundishwa kutunza siri, na pale anapolazimika kusema, mfano mtu anataka kujiua, anafundishwa amwambie nani. Anafundishwa pia lini akupeleke kwa mwingine, na kwamba hatakiwi kuanzisha mahusiano na anayemshauri. Mchungaji wetu wa kilokole nani kamfundisha, na akivunja nani anamuuliza? Wakatoliki padri akitoa siri ya kitubio anajitenga na kanisa papo hapo, so sio kwamba Ukristo haujui haya mambo. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi na kuombeana, maiki haijatajwa.

Washauri nao wasijione wamemaliza. Mtu akikwambia nafunga na kuomba, usiandike kama dalili ya ugonjwa, muulize huo mfungo unampa nguvu au unammaliza. Na mchungaji akisema "hili limenizidi, twende hospitali nakusindikiza", mi sioni upako wake umepungua wapi.

Yule dada nilikutana nae sokoni mwaka huu, kanenepa kidogo. Nikamuuliza anasali wapi siku hizi, akacheka, akasema anasali nyumbani, mlango kafunga.