Konda anataka nauli, mkaguzi anataka kosa

Jumamosi nimegombana na wakaguzi wawili wa tiketi ndani ya treni ya mjini hapa Ujerumani, na mpaka naandika hivi sijapoa. Tiketi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mgeni, amekuja kumwona mjukuu. Nilijua ni wa kwetu Tanzania kabla sijamwona sura, nilipomsikia akisema, "Jamani, si hii hapa mwanangu?" huku akimnyooshea mkaguzi karatasi yake kwa mikono miwili.

Nasema tena: tiketi alikuwa nayo. Ameinunua kwenye mashine kwa pesa yake, kwa safari hiyo hiyo. Ila hakuipitisha kwenye kile kisanduku cha kugongea muhuri kinachokaa jukwaani. Hakukipita kwa ujanja. Alikuwa ametokea Frankfurt kwa mtoto wake mwingine, na Frankfurt tiketi ya mashine inatoka ikiwa imeshaanza kazi, hakuna cha kugonga. Hamburg vilevile. Ukienda München, usipogonga umekwisha. Nchi ni moja, pesa ni moja, lakini kila mji na utaratibu wake, na mgeni anatakiwa azijue zote kabla hajapanda.

Mama akasema, basi niacheni nishuke kituo kinachofuata nikagonge. Nikatafsiri. Haiwezekani. Akasema, basi nikatieni nyingine, nitalipa mara ya pili. Nikatafsiri. Haiwezekani. Akafungua pochi akatoa noti. Mkaguzi hata kuitazama hakuitazama, akaniambia mimi nirudi kukaa kwa sababu sihusiki, akaomba pasipoti. Nilipomuuliza huyu mama alalamike wapi, akanionyesha kwa kidole anwani iliyochapwa chini ya karatasi, kwa maandishi madogo, kwa Kijerumani. Euro 60, kwa safari isiyofika hata euro 5 ambayo ilikuwa imeshalipiwa. Wakashuka wote wawili. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, hawa wanataka nini hasa?"

Hilo swali limenikalia kichwani, kwa sababu konda wa daladala mtu humuulizi. Unajua anataka nini tangu yuko mita kumi. Anakuja anatingisha sarafu kiganjani, anakugusa bega, anataka nauli. Ukimpa, habari imeisha. Huna, mtagombana. Atakutolea maneno mbele ya watu, atagonga bodi gari lisimame, atakushusha kwenye jua. Lakini ugomvi wote ule ni wa nauli, na ukitoa nauli hata dakika ya mwisho, hata ukilipiwa na jirani yako wa siti, umekwisha. Huyu wa huku nauli haitaki. Hana mashine ya kukatia tiketi, hana chenji, hana ruhusa ya kupokea. Akishakufikia, muda wa nauli umepita, kilichobaki ni kosa tu. Kazi aliyopewa ni kutafuta makosa, na mtu aliyetumwa kutafuta makosa hawezi kufurahi akikuta abiria aliyelipa.

Najua wanaosoma hapa wameshaanza. "Huyu naye, kakaa Ulaya kidogo anataka kuwafundisha Wazungu kazi." Sijamfundisha mtu. Na wengine watasema sheria ni sheria, kama mnaona kali rudini kwenu mkapande daladala. Sawa, tuzungumze hiyo sheria, maana nimeisoma na ninaishi chini yake.

Kwanza, kwa lugha yao wenyewe zile euro 60 si faini. Ni nauli iliyopandishwa. Ilikuwa euro 40 mpaka mwaka 2015, ndipo ikawa 60. Kwa kuwa inaitwa nauli, mkaguzi si askari wala hakimu. Mara nyingi si hata mwajiriwa wa reli, ni kijana wa kampuni ya ulinzi iliyopewa zabuni, amevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na kitambulisho anakitoa milango ikishafungwa. Pili, sheria hiyohiyo ina huruma ikitaka. Mwenye tiketi ya mwezi yenye jina lake, akiisahau nyumbani, ana wiki moja ya kwenda kuionyesha ofisini, na hapo deni linashuka mpaka euro 7 au chini ya hapo. Kwa hiyo wanajua kabisa kwamba mtu anaweza kuwa amelipa na asiwe na ushahidi mkononi. Wanalijua hilo kwa mkazi mwenye tiketi ya mwezi. Kwa mama mgeni aliyeshika tiketi mkononi, hawalijui.

Na ukitaka kuona kwamba siongelei mtu mmoja, tazama Berlin. Mji umegawanywa kanda tatu, A, B na C. Uwanja wa ndege mpya, uliofunguliwa mwaka 2020, uko kanda C. Ukishuka na ndege ukakata tiketi ya A na B kwa sababu imeandikwa ni ya mjini, na wewe unakwenda mjini, umeshakuwa na hatia kabla treni haijaondoka. Mgeni hajaonja hata maji ya nchi ya watu.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sitaki nionekane nimekuja kuponda. Kuna jambo hapa Ujerumani ambalo nalipenda kwa moyo wangu wote, nalo ni kwamba vituo vyao havina mageti. Unatoka barabarani, unashuka ngazi, unaingia kwenye treni. Hakuna chuma cha kukuzuia, hakuna foleni ya kuchanwa tiketi. Wanakuamini. Mtu aliyesimama mwendokasi saa kumi na mbili jioni, geti moja linafanya kazi na watu mia tatu nyuma yake, ndiye anayejua kuaminiwa huko kuna thamani gani. Na hiyo tiketi ya mwezi ya nchi nzima waliyoianzisha Mei 2023 kwa euro 49, unapanda treni za mikoani, za mjini, tramu na mabasi mpaka mpaka wa nchi. Imeshapanda bei, lakini bado naona ni jambo kubwa. Ningekuwa na uwezo ningelihamishia kwetu kesho asubuhi.

Ndiyo maana inaniuma. Nchi inakufungulia mlango kwa imani, halafu ndani anakusubiri mtu ambaye haruhusiwi kukuamini.

"Lakini kwenu konda ndiye mtakatifu?" Hapana, na anayesema hivyo hajanisoma. Ninyi mnamjua konda kama ninavyomjua. Mvua ikinyesha kidogo, nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri, inasahaulika. Gari limeandikwa Gongo la Mboto, linaishia njiani, eti geuza hapa. Mwanafunzi anasukumwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, mtoto anafika shule saa tatu, na sisi watu wazima tumekaa kwenye siti kimya. Hilo la wanafunzi sijawahi kulisamehe na sitalisamehe. Chenji yako unaidai tangu Buguruni mpaka Posta, unashuka bila. Niliyapitia hayo miaka yote ya shule, sihitaji kukumbushwa.

Ila nimemwona pia konda akimwambia mama mwenye mtoto anayechemka homa, "Kaa hapo mbele mama, tutaongea." Na hawakuongea chochote, alimshusha Muhimbili bila kumdai. Nimemwona mzee aliyegundua ameibiwa pochi Kariakoo, na gari zima likajibu "tunamlipia" kabla konda hajafungua mdomo. Konda aliweza kusikia kwa sababu alikuwa na mamlaka ya kusikia. Pesa iko mkononi mwake, uamuzi uko mkononi mwake, anakutazama usoni, anaamua. Wakati mwingine anaamua vibaya. Lakini kuna mtu pale wa kuzungumza naye.

Mkaguzi wa Jumamosi hakuwa na la kuamua, na hapo ndipo hasira yangu inapogawanyika. Kijana yule hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, nilimwona. Kuna ofisi imempa kifaa chenye sehemu ya kujaza jina na sehemu ya kujaza euro 60, haina sehemu ya kujaza kwamba mama huyu amelipa. Barua ya malalamiko nimemwandikia yule mama jioni hiyohiyo, kwa Kijerumani kilichonyooka, na nakala ya tiketi nimeambatanisha. Anayo haki na atapata alichoandikiwa na sheria. Lakini mgeni ambaye hajakutana na mtu wa kumwandikia atalipa tu, kwa woga wa viza yake.

Asiyelipa je? Hapa ndipo wengi nyumbani hawaniamini nikiwaeleza. Kupanda treni bila nauli kwa makusudi ni kosa la jinai Ujerumani, kifungu cha 265a, kilichoingizwa mwaka 1935, wakati wa Hitler, na kipo mpaka leo. Anayekamatwa mara kwa mara anapelekwa mahakamani, anatozwa faini, na hii ni faini kweli. Faini hiyo huhesabiwa kwa viwango vya siku, na asiyeweza kuilipa anaitumikia jela, siku kwa siku. Tangu Februari 2024 wamepunguza, siku moja ya jela inafuta viwango viwili vya siku badala ya kimoja. Wanaoishia huko ni watu wasio na kazi, wasio na makazi, wagonjwa, walevi waliokwisha nguvu. Mwandishi wa habari anayeitwa Arne Semsrott aliona aibu, akaanzisha mwishoni mwa 2021 mfuko wa michango unaoitwa Freiheitsfonds, unaolipa madeni hayo na watu wanatoka gerezani. Umeshatoa zaidi ya watu elfu moja. Miji kama Düsseldorf na Köln nayo iliamua mwaka 2023 kutopeleka tena kesi hizi kwa waendesha mashtaka. Wajerumani wenyewe wanaona hili si sawa. Kwa hiyo mtu wa kwetu asiniambie nimevimba kichwa kwa kusema wanachokisema wenye nchi.

Na haikuwa hivi siku zote. Treni za masafa marefu zilikuwa na kondakta anayekuuzia tiketi ndani. Ulikimbia, ulichelewa, unapanda, unamwambia, unaongeza kidogo, unakaa. Tangu Januari 2022 hilo limeisha. Ukichelewa unajikatia mwenyewe kwa simu ndani ya dakika kumi tangu treni iondoke. Mwenye simu nzuri, intaneti na kadi ya benki yupo salama. Mama mwenye noti mkononi hayupo. Kondakta wa watu amebaki na kazi ya kukagua tu.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu naona tunakokwenda. Watu wa Dar mnakumbuka treni ya mjini tuliyoiita kwa jina la waziri, treni ya Mwakyembe, ilipoanza Oktoba 2012, tiketi unaikata hata kwa aliyesimama mlangoni. Leo tuna SGR, reli yetu ya kisasa, inayofika Dodoma, tiketi kwa simu, jina na kitambulisho, na nilipopanda mwaka jana nilijisikia fahari mpaka nikashindwa kuificha. Safi, kimya, kwa wakati. Siku moja treni hizo zitakuwa nyingi, mabehewa ya mjini yatakuwa mengi, na mtu ofisini atasema tuondoe wauzaji, tubaki na wakaguzi, kama wenzetu Ulaya. Hapo ndipo nawaomba mkatae. Mkaguzi apande na kifaa cha kukatia tiketi. Akimkuta abiria hana, amuuzie, na jumla ya kulipa iwe ni ya kueleweka, hata mara mbili ya nauli. Faini kubwa imngoje anayekataa kulipa.

Tayari nasikia jibu: ukimpa mkaguzi wa Kibongo uwezo wa kupokea pesa, umempa leseni ya rushwa. Nimelifikiria hilo kuliko mnavyodhani, na naliona kinyume chake. Tazameni trafiki barabarani. Faini ni kubwa, dereva ana haraka, na katikati ya faini hiyo na sifuri kuna nafasi kubwa ya watu wawili kuelewana, ndiyo maana elfu tano inapita. Abiria anayetakiwa kuongeza nauli moja tu na kupewa risiti yenye saa na namba ya treni hana cha kuhonga, kwa sababu kuhonga hakumpunguzii kitu. Pale mkaguzi anapokuwa na jibu moja tu la kutoa, nalo ni mara kumi na tano ya nauli, ndipo mtu anapoanza kutafuta mlango wa nyuma, Dodoma au popote.