Msomi wa Bunge abaki Mlimani au ahamie Dodoma?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mhadhiri wa sayansi ya siasa anayeishi Changanyikeni anaweza kuondoka alfajiri, akasikiliza sehemu ya mjadala bungeni, na usiku akalala kwake. Nauli na uchovu wa njia si kisingizio tena. Linalobaki ni swali gumu zaidi: mtu aliyeamua kuwa kazi ya maisha yake ni kulichunguza Bunge, alisogelee kiasi gani?

Wapo wanaosema aingie kabisa. Agombee, akubali uteuzi, ajue mambo yanavyopikwa. Wapo wanaosema abaki Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Hansard zake, zile kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwa sababu akishakaa kwenye kile kiti hataandika tena neno la kuaminika. Nimesikia hoja zote mbili zikitolewa kwa ukali uleule, na mara nyingine zikatolewa na mtu yuleyule, kabla na baada ya uchaguzi.

Hoja ya kuingia ina mfano wake mkubwa, Pius Msekwa. Alikuwa Katibu wa Bunge katika miaka ya mwanzo ya uhuru, akaenda makao makuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, kuwa Katibu Mtendaji, kisha akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970. Baadaye alikuwa Spika, kuanzia 1994 hadi 2005. Katikati ya safari hiyo aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1977, kuhusu jinsi chama kilivyofikia kushika hatamu. Mtu wa nje angeweza kuona matokeo tu: wabunge walifukuzwa TANU mwaka 1968 na viti vyao vikapotea, na mwaka 1975 Katiba ikarekebishwa ili ukuu wa chama uandikwe waziwazi. Msekwa alikuwa amefanya kazi katika ofisi zote mbili zilizohusika. Hakuna mhadhiri ambaye angeyajua hayo kwa kusoma magazeti maktabani.

Lakini mtendaji wa chama anapoeleza jinsi chama kilivyolizidi Bunge, ni lazima tumsome kama shahidi. Ushahidi wake ni wa thamani kubwa. Hukumu inahitaji mtu mwingine.

Kuna sababu nyingine ya kusogea ambayo haizungumzwi sana, nayo ni namna Bunge letu linavyopiga kura. Uingereza, Philip Norton alijijengea jina kwa kuhesabu wabunge waliopiga kura kinyume na vyama vyao. Aliweza kwa sababu kule wabunge wakigawanyika kupiga kura, majina yao huandikwa. (Yeye mwenyewe aliishia kuingia katika Baraza la Malodi mwaka 1998, kwa hiyo hata kwao swali hili halina jibu safi.) Dodoma tunasikia: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, walioafiki wameshinda. Sauti hazina majina. Mbunge wa chama tawala aliyenyamaza kwa hasira na yule aliyepaza sauti kwa furaha wanaingia kwenye kumbukumbu wakiwa kitu kimoja.

Kura inayoitwa kwa majina kila mwaka ni ile ya bajeti ya Serikali. Hapo msomi angedhani amepata takwimu. Asome kwanza Ibara ya 90 ya Katiba: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Aongeze na Ibara ya 71, inayomwondolea mbunge kiti akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka. Yaani kura pekee tunayoweza kuihesabu mwaka hadi mwaka ndiyo ambayo uasi wake ungemrudisha kila mtu jimboni kuomba kura upya. Ukiichora kwenye jedwali, utapata picha nzuri ya nidhamu na utakuwa hujajua chochote kuhusu walichokuwa wanafikiri.

Kwa hiyo lazima uulize watu, na watu hawamjibu mgeni. Mmarekani Richard Fenno alilielewa hili katika miaka ya 1970. Aliwafuata wabunge 18 majimboni kwao, akasafiri nao na kuwasikiliza wakizungumza na wapiga kura, na mwaka 1978 akatoa kitabu ambacho bado kinafundishwa. Mtu akiifanya kazi hiyo hapa, atajikuta misibani, kwenye harambee za zahanati, na kwenye ugomvi wa mgawo wa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Atajifunza kuhusu uwakilishi mambo ambayo Ibara ya 63, inayoeleza madaraka ya Bunge, haiwezi kumfundisha.

Sasa tugeukie gharama, ambazo hapa kwetu si za kufikirika.

Profesa Mwesiga Baregu alifundisha sayansi ya siasa Mlimani huku akiwa mwanachama hai wa chama cha upinzani, Chadema. Mkataba wake chuoni haukuongezwa, na mjadala uliofuata ukawa juu ya mtumishi wa umma na siasa za vyama. Baadaye, mwaka 2012, Rais Kikwete alimteua kuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Warioba. Upande wa pili yupo Dk. Bashiru Ally, naye wa idara hiyohiyo, aliyeondoka darasani akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018, Katibu Mkuu Kiongozi mwanzoni mwa 2021, na kabla mwaka ule haujafika nusu akawa mbunge wa kuteuliwa. Siwapimi watu hawa kwa uzalendo wala kwa akili, vyote wamevionyesha. Napima kitu kimoja: mwanafunzi akisoma leo walichoandika kuhusu Bunge, atamaliza ukurasa bila kujiuliza kiliandikwa kabla au baada ya kadi? Hatamaliza. Na tofauti ya malipo ipo pia, tusijifanye hatuioni. Kiinua mgongo cha mbunge wa muhula mmoja si kitu ambacho mhadhiri atakipata kwa kuandika makala.

Kukaa mbali nako kuna bili yake. Mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia TBC yalipositishwa, aliyekuwa akifuatilia mijadala kutoka sebuleni Sinza alibaki na vipande vilivyochaguliwa na mtu mwingine. Kisha likaja suala la Profesa Mussa Assad, mhasibu kutoka Mlimani aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwishoni mwa 2018, katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa, alisema kutofanyiwa kazi kwa taarifa zake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Alikuwa na kinga ya kikatiba. Mhadhiri wa kawaida, anayeandika tasnifu kuhusu udhaifu uleule, hana.

Wanaotetea umbali hupenda kumtaja Woodrow Wilson. Mwaka 1885, kabla hata hajafikiriwa kuwa rais, alichapisha kitabu kuhusu Kongresi ya Marekani akiwa mwanafunzi Baltimore, mji ulio jirani na Washington, akitegemea zaidi kusoma kuliko kwenda kutazama. Aliona sawasawa kwamba nguvu iko kwenye kamati. Ni mfano mzuri, ila una sharti: kumbukumbu za kule zilitosha kumwonyesha. Zetu zinatuonyesha hotuba. Kazi ya kamati, ambako muswada hunyofolewa na kushonwa upya, humfikia raia ikiwa taarifa iliyokwisha kupigwa pasi.

Ndiyo maana mimi naegemea upande wa kusogea, lakini si kwa kiti. Msomi wa Bunge wa Tanzania hawezi kumudu kukaa mbali, maana kumbukumbu hazimtoshi. Kadi na uteuzi, hata hivyo, humpa ukaribu ambao hawezi kuutumia: anajua, na hawezi kuandika. Uingereza mwaka 1964 walijaribu njia ya tatu. Msomi Bernard Crick na Michael Ryle, aliyekuwa mtumishi wa Bunge, waliunda kikundi cha wahadhiri na makatibu wa Bunge wanaokutana na kuandika pamoja. Wanasiasa hawakuwa kiini chake, na nadhani hapo ndipo ilipo siri. Mbunge huja na kuondoka na kura za maoni. Katibu wa kamati hubaki, naye ndiye anayejua kifungu kipi kiliondolewa na nani aliomba kiondolewe.

Kwetu pingamizi litakuja haraka: katibu ni mwajiriwa wa Ofisi ya Bunge na ana siri za kulinda. Ni kweli. Na mhadhiri naye ana sababu ya kutojisumbua, kwa kuwa jarida linalompandisha cheo linatoka nje na linataka Kiingereza, wakati Hansard ya leo karibu yote ni Kiswahili na wabunge anaowaandika hawatalisoma kamwe. Hili la pili linaniudhi zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu halimhitaji Spika kulirekebisha. Seneti ya chuo inatosha.

La siri nalo lina mlango mdogo. Katika miaka ya karibuni Mlimani imetoa watu kwenda bungeni, akiwemo Dk. Tulia Ackson aliyefundisha sheria na kuwa Spika kuanzia 2022 hadi 2025. Msafara wa kurudi ndio haba. Ningekuwa na mwanafunzi wa uzamivu anayeanza leo, ningemwambia simu yake ya kwanza asimpigie mbunge. Ampigie katibu wa kamati aliyestaafu, aende na muswada wa zamani ambao haumtishi tena mtu yeyote, wakae wausome pamoja kifungu kwa kifungu.